Swichi ya Pampu ya Maji

Jumatano usiku

Ile swichi inaninyima usingizi.

Pampu ya maji ya kupozea injini ya teksi yetu, iliyokuwa ikizungushwa na mkanda wa injini, ilikuwa inavuja. Leo fundi wa Mwananyamala katufungia ya umeme, yenye swichi yake chini ya usukani. Nikashukuru, mpaka nilipomsikia Baba Neema, mume wangu, akijisifu palepale gereji, "Nikisimama nasubiri abiria naizima, betri ipumzike."

"Na injini inaunguruma?"

"Gari limesimama, mama. Litachemkaje?"

"Kwani sufuria jikoni hutembea?"

Fundi alicheka hadi spana ikamdondoka. "Shemeji kakuweza, braza! Injini ikiwaka usiizime hiyo." Mwenzangu akanuna njia nzima.

Namjua. Mtu anayezima injini mteremkoni kuokoa petroli, swichi ataiacha? Na alfajiri anampeleka mama yake Morogoro, pamoja na Neema wangu, hata kusema vizuri hajajua. Wakichemkia porini na mtoto...

Nilimwambia baba yake kwamba Neema haendi mpaka ile swichi itolewe. Akasema nisimfanye mtoto. Nikampakulia chakula.

Baada ya kula akatoka na tochi. Amerudi sasa hivi, mikono inanuka grisi. "Swichi nimeitoa, pampu nimeiunga kwenye ufunguo. Injini ikiwaka, nayo inawaka. Haya, mfungie mtoto nguo."

Nimezifunga, sweta juu. Lakini yeye si fundi umeme. Alfajiri awashe kwanza, niisikie pampu kwa masikio yangu, ndipo nimpe mtoto.