Punje Ndani ya Bahasha

Mume wangu Awadhi, mjukuu mjeuri,

Huku Handeni mvua imenyesha na mbuzi wako amezaa mapacha. Mimi nimeanguka jikoni mara mbili, ila hiyo si habari ya kukutisha.

Betri ya kile kimashine cha kifuani, kinachoukumbusha moyo wangu kupiga, ilitakiwa ikaguliwe tangu Ramadhani. Kila nikikuuliza unajibu, "Bibi, mwezi ujao nitakupeleka." Huna haya!

Nesi alisema mapigo yasipungue sitini kwa dakika. Hesabu hunipotea, kwa hiyo kila pigo naweka punje moja ya mahindi, jirani yangu Mwantumu akitazama saa. Leo zimekuwa thelathini na nane.

Nimezitia humu kwenye bahasha. Zihesabu mwenyewe, wewe uliyesoma.

Bibi yako asiyembembeleza mtu,
Mwanaisha