Staringi Hafi

Jumatatu, 4 Agosti
Sauti imenikauka. Picha tatu leo kwenye banda la video, zote za vita vya angani, na mtafsiri ni mimi peke yangu na maiki yangu. Wateja wa Mishomoroni hawataki Kizungu, wanataka niwachambulie: huyu anawaza nini, yule ana kinyongo gani. Adui wa leo, jenerali wa maroboti, nilimpa sababu zote. Sayari yake ilichomwa, mamake akafia humo. Watu wakamhurumia kweli. Mwishowe shujaa, staringi wetu, akamlipua, nami nikatia maneno yangu ya siku zote: "Staringi hafi!" Banda zima likaitikia. Mzee Baya, mwenye banda, anasema maneno hayo ndiyo yanayomjazia mabenchi.

Jumatano, 6 Agosti
Mwaringa amekatwa mkono kwa panga. Ni rafiki wa mdogo wangu Kahindi, wamekua pamoja. Inasemekana ni vijana wa Junda, mtaa jirani, na jina linalotajwa ni Tsuma. Nani aliona? Hakuna. Kahindi hajala. Nimemwambia awaachie polisi, akanitazama kana kwamba nimemtukana.

Ijumaa, 8 Agosti
Panga la kuvunjia nazi halipo nyuma ya mlango wa jikoni. Nimemuuliza Kahindi. Hakukana. Yeye na wenzake wanaenda kwa kina Tsuma kesho, picha ya jioni ikiisha. Nikalia. Nikamfokea. Nikamwambia atauawa. Akacheka.

"Si wewe husema, dada? Mimi ndiye staringi. Staringi hafi."

Mshenzi. Nusura nimzabe kofi. Yule jenerali naye alijiona staringi. Hakuna adui anayeamka asubuhi akajiita adui. Hilo nalijua, nalisema kila siku kwenye maiki, watu wanapiga makofi. Nikienda polisi namfungisha mtoto wa mama yangu. Nisipoenda, je?

Jumamosi, 9 Agosti
Kahindi na wenzake walikaa benchi la nyuma, makoti mwilini na joto lote hili. Picha ile ile ya jenerali. Mwanzoni shujaa anavamia lango, anawalipua walinzi. Hapo huwa napita mbio, wale hawana majina. Leo nikawapa. Huyu Charo, ameoa juzi. Huyu Hamisi, kazi ameipata jana. Alipoanguka wa tatu nikasema:

"Huyu ni Tsuma. Mamake anauza mahamri Junda. Leo amemwekea chakula, anamngoja."

Mmoja akapiga kelele nirudi kwa staringi. Sikurudi. Maneno yangu sikuyasema hata mara moja. Watu wakadai pesa zao. Mzee Baya akanipokonya maiki, akaniambia kesho nisije. Nilipogeuka, benchi la nyuma tupu.

Giza limeingia. Kahindi hajafika. Simu yake imezimwa. Naogopa. Naichukia sauti yangu.

Jumapili, 10 Agosti
Sikwenda kanisani. Panga lipo nyuma ya mlango. Nimeligeuza huku na huku, safi, halina damu.

Kahindi alikuwa uani, anakuna nazi. Sijui alirudi saa ngapi. Nikakaa kando yake nikachambua mchele. Akasema, bila kuinua kichwa:

"Mamake Tsuma hauzi mahamri, dada. Anauza mbaazi. Alitufungulia mlango, akatuuliza kama tumekula. Tukarudi."

Nikamwambia mimi sikujua. Nikaendelea na mchele.