Mvua iliyosimama juu ya Kasenyi

Jumanne mchana. Hapa Ngezi, mtaa wetu wa Bunia, ni manyunyu tu, lakini upande wa ziwa mbingu ni nyeusi, na weusi ule haujasogea tangu Jumapili.

Naogopa. Naandika kwa sababu kila nikikaa nasimama tena.

Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Bunia. Mdogo wangu Furaha anaishi Kasenyi, chini kwenye ufuko wa Ziwa Albert, katika kambi ya watu waliokimbia vita milimani. Kijiji chao kilichomwa. Alishuka na mume wake Baraka na watoto watatu, wakapewa bashi, turubai la kuezekea kibanda, hatua chache kutoka majini. Ufukoni ni salama, tulisema wote. Mimi nilisema kwa sauti kubwa kuliko wengine.

Jumapili, tulipotoka kanisani, niliona wingu juu ya miteremko ya ziwa. Saa kumi nilitazama tena. Mahali palepale. Hapakuwa na upepo wa kulisukuma.

Wanafunzi wangu hudhani mvua ya kuogopa ni ile yenye kelele, inayong'oa mabati na kupita. Kila tukifika kwenye somo la dhoruba za tropiki, zile zinazopiga Msumbiji na Madagaska, nawapeleka kwenye maharage nyuma ya darasa na kopo la kumwagilia. Ukipita haraka, majani yanalowa tu. Ukisimama, kwa kopo lilelile na maji yaleyale, udongo unashindwa kunywa na mche unang'oka. Dhoruba inayotembea polepole inamwaga mzigo wake wote juu ya watu walewale. Na watu wa ufukoni wanapata taabu mara mbili: mito inawashushia maji ya milimani, na ziwa ambalo limekwisha kuvimba halina nafasi ya kuyapokea. Maji yanakutana katikati.

Katikati ndipo kibanda cha Furaha kilipokuwa.

Jana asubuhi nilimpigia simu. Nilisikia mvua kuliko nilivyomsikia yeye.

"Maji iko mulangoni, Yaya," alisema; kwetu yaya ni ndugu mkubwa. "Batoto nimebapandisha juu ya meza."

Nilimwambia wapande Bunia mara moja.

"Na njia gani? Juzi balipiga motokari kule juu. Batu balikufa."

Nilikuwa najua. Kila mtu hapa anajua kwamba watu wa silaha wanaivizia barabara ile ya kupanda Bunia. Lakini nilikuwa nawaza maji tu, na kwa dakika moja hofu moja ilikuwa imeifukuza nyingine kichwani mwangu.

Nyuma ya kambi kuna kilima kidogo, na juu yake kuna kituo cha askari. Watu wa kambi hawakisogelei, kwa sababu wanaokuja kushambulia huanzia kwa askari. Furaha aliwahi kuniambia kwamba afadhali alale karibu na viboko wa ziwani kuliko karibu na kituo kile.

Nikamwambia aende huko.

Akasema, "Weye ndiye yaya. Kama unasema twende, tunaenda."

Rezo ya simu ikakatika.

Tangu mama yetu afariki, Furaha ananitii hivyo, na siku zote nilikuwa napenda. Jana sikupenda.

Mchana, sokoni, mama mmoja muuza samaki alikuwa anawaeleza wenzake kwamba amepigiwa simu na watu wake, na kwamba risasi zimesikika Kasenyi. Ningeweza kumuuliza ni upande gani. Sikuuliza. Nilirudi nyumbani nikaosha masufuria yaliyokuwa safi.

Leo saa tano, nikiwa darasani, simu ikalia. Namba nisiyoijua.

Alikuwa Furaha. Wako wazima, wote watano. Nilikaa chini palepale mbele ya wanafunzi, na hakuna aliyecheka.

Akanieleza. Walitoka na familia nyingine nyingi, maji yakiwafika mapajani, Baraka amebeba watoto wawili, yeye yule mdogo mgongoni. Walipokaribia kituo, askari waliona kundi la watu likija ndani ya mvua wakadhani wanashambuliwa. Wakapiga risasi hewani. Watu wengine waligeuka na kukimbia kurudi majini. Furaha alilala juu ya watoto kwenye matope akaita kwa nguvu zake zote: "Siye ni ba mama ya kambi! Tuko na batoto!" Aliita hivyo mpaka mkubwa wao akatoka, akawazuia askari wake, akawaruhusu waliobaki wajikinge chini ya mabati.

Hakuna aliyepigwa risasi. Lakini jirani yao, Mama Vero, mwanamke mzee anayeishi peke yake, alikuwa mmoja wa waliokimbia kurudi. Hajaonekana. Baraka ameshuka mara mbili kumtafuta. Anasema kambi haipo tena, ni ziwa tu.

Mama Vero hajawahi kuniona. Hakutaka kutoka kibandani mwake. Alitoka kwa sababu Furaha alimwambia kwamba yaya wake ni mwalimu, anajua mambo ya mvua.

Wangebaki, maji yangewachukua wote. Nimejiambia hivyo tangu saa tano. Ni kweli, na haijanisaidia.

Kabla ya kukata, Furaha aliniuliza mvua itaenda lini.

"Kesho," nikamjibu.

Nilimdanganya. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu mwingine. Nalitazama wingu kutoka dirishani sasa hivi, na liko palepale.

Askari wamewaambia kwamba hawataki raia kwenye kituo, kesho asubuhi waondoke. Chini ni maji. Juu ni ile barabara. Atanipigia tena, atauliza waende wapi, na jibu lolote nitakalotoa atalifuata na watoto wake mgongoni.

Nitajibu tena kama mwalimu? Au nitapata nguvu ya kumwambia mdogo wangu kwamba na mimi sijui, tuwaze pamoja?