Miguu ya Mbuzi wa Itumba

Mjukuu wangu Atupele,

Huku Itumba hatujambo. Babu yako anapalilia kahawa na anakusalimu. Mimi bado nachora, naandika mashairi ya watoto na kugombana na wachapishaji.

Umeuliza kwa nini mbuzi wa kitabu changu cha kwanza hawana miguu. Mhariri naye aliuliza. "Dada, watoto watashangaa. Wawekee miguu, la sivyo hatuchapi."

"Watoto wa wapi hao?" nilimjibu.

Lakini nilikitaka kitabu kile kuliko kitu chochote. Asubuhi nikaketi mlangoni, brashi imelowa, nikisubiri mbuzi wetu wapite ili niige miguu yao. Ukungu ulikuwa umelala chini kabisa. Ikaja migongo na pembe tu, ikielea polepole kana kwamba kilima kinawaota mbuzi wale.

Mama yangu, aliyekuwa akiwaswaga, akachungulia karatasi. "Hiyo miguu unayotaka kuchora umeiona wapi?"

Nikaosha brashi. Picha niliirudisha kwa mhariri vilevile, na chini yake nikaandika shairi la ukungu. Alinuna, kisha akachapa.

Ukija likizo, amka mapema utoke nje, uitafute hiyo miguu mwenyewe.

Bibi yako