Kiti cha Mtu Mmoja

Baba watoto,

Watoto wakirudi shule wapashie maharage. Na kabureta yako itoe kwenye beseni langu la vyombo, maji yote yananuka petroli.

Asubuhi niliingia gereji kuchukua ndoo. Pikipiki imependeza, tangi linang'aa, sina neno. Ila kiti umekikata, kimebaki cha mtu mmoja. Nimekaa nyuma yako tangu enzi za kuisukuma kila kona. Nikakuuliza, mimi nitakaa wapi? Ukajibu bila kuinua kichwa, "Ndiyo mtindo wa sasa."

Haya.

~~Nitarudi jioni.~~ Leo nalala kwa dada. Kile kipande ulichokikata nimekiokota kwenye takataka, nimekilaza kitandani upande wangu. Kifunike vizuri, usiku kuna baridi.

Mama watoto