Oili ya Mama Saumu Haikuwa Feki

Jumatano. Lushoto imeamka na ukungu, na sasa ni saa nane mchana jua bado halijaonekana. Baridi yetu ya kawaida ya mwezi wa saba. Mimi mzima. Pikipiki si nzima, iko kwa fundi, imelazwa vipandevipande juu ya gunia. Na nina jambo la kuandika ambalo nimelizungukia tangu juzi.

Kwa aliyefika kwenye blogu hii leo kwa mara ya kwanza: kazi yangu ni kuongoza wageni kwenye milima hii kwa pikipiki. Wao wanakuja na mapikipiki yao makubwa ya safari, mimi natangulia na langu. Nililinunua kwa msafiri mmoja aliyechokea njiani, likiwa limetembea kilometa elfu arobaini. Leo limefika laki moja na kumi na nane.

Nilipolileta hapa mjini watu walinipa pole. Waliniambia injini za namna hiyo zikivuka elfu sitini, tafuta wa kumuuzia kabla hazijakufia mikononi. Nikawa mbishi. Oili namwaga kila kilometa elfu tano, hata kama bado inaonekana safi. Kichujio cha hewa nakisafisha kila nikirudi kutoka Mtae, maana vumbi la kule halina adabu. Vali zinapimwa, maji ya rejeta yanabadilishwa, mnyororo unapakwa mafuta. Nimeyaandika hayo humu mara nyingi mpaka rafiki yangu mmoja akaniuliza kama na mke wangu namhudumia kwa ratiba.

Niliamini, na bado naamini, kwamba injini ikitunzwa inafika laki mbili. Tatizo ni kwamba nilijiona mtunzaji kuliko wote.

Miezi miwili iliyopita nilimwaga oili nikakuta vichengachenga vya chuma. Vingi. Gia ya tatu nayo ilikuwa imeanza kulia. Na muda mfupi kabla ya hapo, duka nililozoea hapa mjini lilikuwa limefungwa, nikaanza kununua oili Soni kwa Mama Saumu. Huyu ni mama mjane, umri wa mama yangu, mwenye duka dogo kando ya barabara. Anauza oili, plagi, mipira ya ndani na sabuni.

Hesabu yangu ilikuwa fupi. Oili mpya, chuma kipya, basi oili ni feki.

Sikwenda kumuuliza. Nilikuja kuandika humu. Jina sikulitaja, nikajiona muungwana kweli. Nilisema tu ni duka la mama mmoja, Soni, mkono wa kushoto ukiwa unashuka. Maduka ya namna hiyo upande huo yako mangapi? Moja. Andiko lile lilisomwa kuliko yote niliyowahi kuandika. Lilizunguka kwenye makundi ya simu ya bodaboda, kuanzia Mlalo hadi Mombo, na nikafurahi.

Nakiri hilo. Nilifurahi.

Jumatatu fundi Mhina alimaliza kuifungua injini akaniita. Si mtu wa maneno mengi. Alinionyesha pistoni, silinda, kemshafti inayofungua vali, na vali zenyewe. Vyote vizuri. Alisema huku sehemu ya juu kumetunzwa, kunaweza kwenda laki nyingine bila kulalamika. Nikavimba kichwa kidogo. Halafu akanionyesha gia. Shafti ilikuwa imechubuka, sehemu nyingine imeungua mpaka ikawa ya bluu, na beringi zake zinacheza.

Akaniuliza kama mteremkoni huwa nazima injini.

Nikasema hapana.

Kwa wa huku jambo hili halihitaji maelezo, ila wa mbali nao wanasoma. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kushuka tu, zaidi ya kilometa thelathini. Kila aliyejifunza pikipiki kwenye milima hii alifundishwa kutoa gia, kuzima injini na kuiacha iserereke yenyewe. Petroli unanunua, mteremko unapewa bure. Mimi nilifundishwa na kaka yangu kule Bungu, kwenye pikipiki ndogo ya Kichina, na nimefanya hivyo zaidi ya miaka ishirini. Nikiwa na wageni siwezi, wataniona mshamba. Nikiwa peke yangu nazima kila mara, tena bila kufikiri. Katika maandiko yangu yote ya utunzaji, hilo sijawahi kuligusa hata kwa mstari mmoja.

Mhina hakubishana nami. Alinieleza taratibu kwamba oili haitembei yenyewe, inasukumwa na pampu, na pampu inazungushwa na injini. Ukizima, pampu imelala. Gurudumu nalo linaendelea kuzungusha gia, na gia zinasagana bila oili ya kutosha, kilometa thelathini nzima. Oili ingekuwa feki, uharibifu ungeanzia huku juu kwenye kemshafti. Huku juu ni kuzuri.

“Oili ilikuwa nzuri,” alisema. “Haikuwa inafikishwa.”

Akarudi kwenye kazi yake. Nikazigusa zile beringi, kisha nikamwambia ndiyo, huwa nazima. Akasema anajua, bila kuinua kichwa. Nyumbani nilipomsimulia mke wangu, alisema nyani haoni kundule, akaendelea kuchambua mchele.

Gia zitatengenezwa, hilo halinisumbui sana. Kilichoninyima raha jana yote ni yule mama.

Leo asubuhi nilipanda gari la Mombo nikashuka Soni. Rafu iliyokuwa ya oili sasa imejaa sabuni na viberiti. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanivutia kigoda. Akauliza hali ya mke, ya watoto, ya baridi ya huko juu. Huku kwetu huwezi kulirukia jambo kabla salamu hazijaisha, na leo zilikuwa ndefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Alikuwa akifunga karoti mafungu huku ananisikiliza.

Nikamwambia. Kwamba yule aliyeandika ni mimi, kwamba oili yake haikuwa na kosa, kwamba nilikuwa nazima injini mteremkoni na fundi amenithibitishia. Sikupamba. Nikaomba msamaha.

Alifunga fungu moja, akaliweka pembeni. Alichosema alikisema kwa Kishambaa. Wazazi wangu walikuja kuchuma chai kutoka Njombe, lakini mimi nimezaliwa huku, nakisikia vizuri kuliko ninavyokisema. Kwa Kiswahili ni hivi:

“Mwanangu, barabara inapita mlangoni kwangu. Miaka yote nakuona ukishuka umezima. Hata siku ile uliponunua oili, uliondoka hapa hivyohivyo.”

Niliona aibu. Ile ya kutaka ardhi ipasuke nikaingia. Nilimuuliza kwa nini basi hakusema, wakati watu wanaacha kununua na yeye anaujua ukweli.

“Ningemwambia nani? Wote wanashuka hivyo,” alisema. “Halafu wewe ndiye unayeandika. Mimi nauza oili.”

Sasa haiuzi tena. Makatoni yaliyobaki aliyarudisha Korogwe alikoyatoa, kwa sababu vijana wa pikipiki walikuwa wakifika dukani, wanainusa chupa, wanacheka, wanaondoka. Hakunilaumu. Ningependelea anilaumu. Alinipa fungu la karoti niwapelekee watoto, nikalikataa, akanitazama mpaka nikalipokea.

Kwa hiyo naandika, na safari hii jina nalitaja, kwa ruhusa yake. Oili ya Mama Saumu wa Soni ni nzuri. Mwongo nilikuwa mimi. Injini yangu iko salama kwa sababu naitunza, gia zangu zimekufa kwa sababu ya ubahili wangu wa mteremkoni. Na wewe unayesoma hapa huku ukijua unazima kuanzia Lushoto, acha.

Andiko la kwanza nimeliacha mahali pake, nimeweka juu yake maneno kwamba ni la uongo. Hili nalo nimelituma kwenye makundi yaleyale, mwenyewe, mara tu nilipomaliza kuliandika. Naongeza mstari huu usiku: mpaka sasa wamelifungua watu kumi na mmoja.

Lile la kwanza sikulituma mimi, lilitumwa na watu. Hili nani atalituma?