Sauti ya Dada Isitoke kwenye Spika

Jumatatu, 18 Novemba

Mazoezi ya kwaya jioni. Baridi, sweta, chai ya tangawizi kwenye chupa. Tangu mpiga kinanda wetu ahamie Njombe tunaimbia muziki wa kompyuta, na kompyuta ni yangu, kwa hiyo fundi mitambo wa kanisa ni mimi. Hakuna aliyeniuliza kama naweza.

Sasa limeongezeka la Dada Atu. Yuko kwake Mbeya, pale Uyole, mguu una chuma tangu aanguke na bodaboda. Daktari amemkataza safari. Na Jumapili binti yake Neema, ambaye naishi naye hapa Kihesa kwa ajili ya shule, anapata kipaimara. Amenuna tangu asikie mama yake haji. Anasema bora asubiri mwakani. Nimemwahidi kwamba mama atasikia kila neno lake kupitia kompyuta. Nimeahidi kabla ya kujua nitafanyaje. Ndiyo tabia yangu.

Mchungaji amekubali kwa sharti moja: Dada alisikie kanisa, kanisa lisimsikie Dada. Kuna mwaka simu ya mzee mmoja iliingia kwenye spika katikati ya sala, mtu anauliza kama mbuzi ameshachinjwa. Mchungaji hajasahau.

Jumanne, 19 Novemba

Nimeshindwa. Nataka kitu chepesi tu. Muziki uende kwenye spika za kanisa, sauti ya Dada ije kwenye hedifoni zangu. Kompyuta inapeleka vyote mahali pamoja. Nikichagua spika, Dada yuko kwenye spika. Nikichagua hedifoni, kwaya haina muziki. Mama Sanga wa sauti ya kwanza ananitazama kama nimeuficha kwenye mkoba.

Nimegundua ukurasa kwenye mipangilio ya sauti ambapo kila programu unaichagulia pa kutokea. Furaha fupi. Programu ninayompigia Dada haimo kwenye orodha. Nimefunga, nimefungua. Haimo. Nimekasirika, nimekwenda kumenya viazi.

Jumatano, 20 Novemba

Kumbe programu haionekani hapo mpaka itoe sauti kwanza. Nani aliamua hivyo, sijui. Nimempigia Dada, ameongea, jina likatokea. Nimelihamishia kwenye hedifoni, na muziki nao ukahamia huko huko. Nikachanganyikiwa kabisa. Baadaye nikaona: muziki na simu vyote nimefungua kwenye kivinjari kimoja, na kwa kompyuta hicho ni kitu kimoja. Muziki nimeupa programu yake peke yake. Imekubali. Sijui vizuri kwa nini, ila sigusi tena.

Neema hasemi na mimi zaidi ya salamu. Ila akiwa na mama yake kwenye simu anaongea. Kila jioni wanafanya mazoezi ya katekisimu. Amepangiwa amri moja, aeleze maana yake peke yake mbele ya kanisa. Anakwama palepale mwanzoni kila siku. Dada anamwanzishia maneno mawili, basi, anakwenda mpaka mwisho bila kupumua.

Ijumaa, 22 Novemba

Aibu tupu.

Mazoezi ya mwisho, Dada yuko hewani kwa majaribio, anasikia kila kitu. Nimesimama kuchukua kitabu, mkoba ukavuta waya, hedifoni zikachomoka. Kanisa zima likamsikia Dada Atu wa Uyole: "Huyo wa sauti ya juu ni nani? Mbona kama anafukuza kuku?"

Alikuwa Mama Sanga.

Nimeomba radhi mpaka nimekauka. Mama Sanga akasema, "Mwambie dada yako kuku wameshaingia bandani." Kisha akaondoka bila kuaga.

Somo la leo: hedifoni zikichomoka, sauti inakimbilia kilichobaki, yaani spika. Nimeugandisha waya kwa plasta. Mchungaji ameshaambiwa. Amesema likijirudia Jumapili, kompyuta inatoka kanisani na mimi nayo. Naogopa.

Jumapili, 24 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Nilikaa pembeni ya kwaya, kompyuta mapajani, Dada masikioni. Muziki ulikwenda kwenye spika, sauti yake kwangu. Kila kitu mahali pake. Alilia kidogo watoto walipoingia na mavazi meupe, na aliyemsikia ni mimi tu.

Zamu ya Neema ikafika. Mchungaji akauliza. Neema akafungua mdomo, hakuna kilichotoka. Mchungaji akauliza tena, kwa upole. Neema akatazama sakafu. Nikajua ile "mwakani" yake ndiyo hiyo imekuja.

Masikioni Dada alikuwa anamwanzishia. Maneno yale mawili, pole pole, kama jioni zote. Akarudia. Akarudia tena. Anamwambia mtoto, mtoto hasikii, nasikia mimi nisiyehitaji. Wiki nzima nimehangaika iwe hivyo.

Nilibandua plasta. Nikachomoa.

Maneno mawili yakatoka kwenye spika zote, yamepasuka kidogo. Watu wakageuka. Mchungaji akanitazama moja kwa moja. Neema hakutazama popote. Akapokea maneno yale akaendelea, mpaka mwisho, bila kupumua. Dada naye akasema "Eee, mwanangu", na hilo pia likasikika.

Nilirudisha waya. Sijui kama nimefanya vizuri. Mama Sanga alikuwa anafuta macho, sijui na hilo nilielewe vipi.

Nje, baada ya ibada, Mchungaji alisema, "Mama, tulikubaliana." Nikasema ndiyo, Mchungaji. Akafungua mwavuli. Kisha akauliza mguu wa mgonjwa unaendeleaje.

Jumanne, 26 Novemba

Kompyuta bado ni yangu, na kwaya bado inaimbia muziki wake. Kuhusu ufundi mitambo hakuna aliyesema kitu.

Jioni Neema aliomba ampigie mama yake. Alichomeka hedifoni mwenyewe, akakaa kitandani, mlango wazi. Mimi nilikuwa jikoni, maharage motoni. Nilimsikia anacheka, ananyamaza, anasema "hapana, mama", anacheka tena. Ya Dada sikuyasikia. Nilipunguza moto, maharage yasubiri.